Nilisema Mguu Umelala

Nilimwonea wivu. Haya, nimelitema! Kwa miaka mingi nimelikana neno hili mbele ya mume wangu, mbele ya dada zangu, mbele ya padri, na hata mbele ya kioo, ambacho hakikuniuliza.

"Mimi? Nimwonee wivu nani? Yule?" Ndivyo nilivyokuwa nikijibu, huku nikicheka kile kicheko cha wasomi kinachotokea puani.

Wewe hunijui, nami sikujui, na siri nzito humfaa mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo kaa nikuambie. Usiniombee kwanza. Sikiliza hadi mwisho, kisha uamue kama ninastahili.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana pale Migori. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nimeitia fremu na kuitundika sebuleni juu ya redio, ili mgeni akija kusikiliza habari aisome na hiyo. Akina mama wa kanisa walikuwa wakinialika kuwapa mawaidha. Mara moja niliwaambia, kwa sauti kubwa na kidole hewani, kwamba wivu wa wake wenza ni ugonjwa wa watu wasiosoma.

Walinipigia makofi! Mwezi haukuisha, mume wangu akaoa mke wa pili.

Mume wangu nitamwita Baba Awuor, maana Awuor ndiye binti yetu wa kwanza. Alikuwa afisa wa kilimo, akizunguka vijiji vya Homa Bay kufundisha watu kupanda kwa mistari. Katika kupanda huko kwa mistari akafika Kosele, akamkuta Atieno sokoni nyuma ya beseni la maharagwe. Mistari ikapinda.

Atieno aliishia darasa la saba. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia na kuuzia, basi. Hakuwa mrembo wa kupasua macho. Lakini alikuwa na mwendo! Alibeba beseni kichwani bila kulishika, na miguu yake ikaenda chini yake taratibu, imara, kana kwamba njia ilikuwa mali ya baba yake. Baba Awuor aliniambia siku moja, akidhani anasifu soko: "Yule mtoto anatembea kama mtu anayejua anakokwenda."

Mimi miguu yangu ni miiko miwili ya ugali. Nilijua hilo kabla hajaoa. Baada ya kuoa nililijua zaidi.

Na kilichoniudhi kabisa ni kwamba aliniheshimu. Kwetu Wajaluo mke wa kwanza huitwa Mikayi, na nyumba yake hujengwa ikitazama lango la boma. Mikayi akisema, mdogo hunyamaza. Atieno hakuwahi kuniita jina lingine. "Mikayi, karibu." "Mikayi, nimekuwekea samaki." "Mikayi, keti, mimi nitachota maji." Ningempenda zaidi angenitukana. Mtu anayekuheshimu hakuachii hata sababu moja ya kumchukia, ikabidi nijitengenezee za kwangu.

Basi, siku yenyewe.

Atieno alikuwa amekwenda Kegonga, huko kwa Wakuria, kununua mahindi ya kuja kuuza Kosele. Njiani, pikapu waliyopanda juu ya magunia iliteleza kwenye tope ikapinduka. Magunia yakamwangukia mguu wa kulia. Wasamaria wakambeba hadi hospitali ndogo iliyokuwa karibu. Aliyoweza kuyasema kwa Kiswahili ni jina langu na jina la shule yangu, kwa hiyo simu ikapigwa ofisini kwa mwalimu mkuu wetu, nami nikatolewa darasani.

Baba Awuor alikuwa kwenye semina Nakuru. Nikaenda peke yangu. Nilikwenda haraka, niandikie hilo mahali. Nilikuwa na hofu ya kweli.

Nilipofika mchana walikuwa wamekwisha kumfunga plasta kutoka juu ya goti hadi vidoleni. Mganga alikuwa kijana wa Kikuria aliyeitwa Chacha. Kwa cheo alikuwa ofisa wa kliniki, lakini huku kwetu yeyote anayening'iniza kipimo cha moyo shingoni ni daktari. Filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha, hivyo alikuwa ameupapasa mfupa kwa vidole.

"Ni muundi imevunjika," akaniambia akinawa mikono. "Imevunjika lakini haijatoboa ngozi. Nimenyoosha, nimefunga. Mama, wewe ndio nani yake?"

"Mke mwenzake."

Akanitazama, akamtazama Atieno, akakohoa. "Basi ni vizuri mko na umoja."

Umoja!

"Hapa hakuna mtu wa kusikia Kijaluo leo," akaendelea. "Kaa karibu na yeye. Akisema kitu, uniambie. Mguu ikifungwa hivi, mgonjwa mwenyewe ndiye mashine yangu."

Kumbuka sentensi hiyo. Mimi naikumbuka nikipiga mswaki.

Mwanzoni nilikuwa mke mwenza wa mfano. Nilimpangusa tope usoni. Nilimnywesha chai. Nilimwambia kila alichosema daktari, nikamwambia daktari kila alichosema yeye. Ningeshikilia hapo hapo leo ningekuwa nakuandikia kuhusu mapishi.

Alasiri simu ya hospitali ikalia. Sista Boke, muuguzi mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akachungulia wodini. "Mama Mwalimu! Mzee yako iko kwa simu!"

Ilikuwa sauti ya Baba Awuor kutoka Nakuru, alikopelekewa habari na shule yangu, ikikwaruza. Hakuniuliza nimefikaje. Hakuniuliza nimekula nini.

"Mguu wake ukoje?"

"Umefungwa."

"Analia?"

"Kidogo."

"Mwambie asilie. Mwambie nakuja. Mwambie nikifika hapo nambeba mimi mwenyewe mgongoni, namfikisha Kosele, watu wote waone! Mwambie hivyo hivyo, Mwalimu."

Akacheka, na katika kicheko hicho mlikuwa na machozi. Mume wangu! Mtu ambaye katika ndoa yetu nzima hajawahi kunibebea hata mkoba! Nilijifungua Awuor nikapanda basi kurudi nyumbani na mtoto mkono mmoja na beseni mkono mwingine, naye akiwa mbele akitafuta kiti cha dirishani.

Na mimi, mke wake wa kwanza, aliniita Mwalimu.

Nilirudi wodini nikaketi. Sikumpa Atieno ujumbe wowote. Nilisema, "Amekusalimia."

Muda si mrefu akaanza kulalamika. Si kile kilio cha mchana cha mtu aliyevunjika. Kilikuwa kitu kingine: aligeuza kichwa huku na huku, akauma shuka, akasema plasta inambana, inachoma, inakaza kama kamba ya kumfunga ng'ombe. "Mikayi, waambie wafungue."

"Plasta haifunguliwi," nikamjibu. "Ikifunguliwa mfupa utapinda. Unataka kutembea ukichechemea?"

Nilijua nilichokuwa nikikigusa. Akaiuma tena shuka. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

Sista Boke akapita na beseni. "Huyu analia sana kuliko vile mfupa iliyonyooshwa hulia," akasema.

"Ndivyo alivyo," nikasema. "Ni wa kudeka."

Kisha daktari akaja, ametoka kumshona dereva wa pikapu, damu kwenye mkono wa koti. Alikuwa amechoka lakini aliinama akavitazama vidole vilivyochungulia mwishoni mwa plasta. Vilikuwa vimevimba kidogo. Akakibonyeza kile kikubwa.

"Muulize kama anasikia nikishika hapa."

Nikamuuliza. Atieno akanishika kiganja kwa mikono yake miwili. "*Tienda otho*, Mikayi. *Tienda otho*."

Mguu wangu umekufa. Ndiyo maneno yake. Hayana fumbo wala methali. Na Kiswahili kina usemi huo huo kabisa: kufa ganzi. Msichana wangu wa kidato cha kwanza angelifasiri huku akitafuna muwa.

Daktari akanitazama, akingoja.

"Anasema mguu umelala," nikasema.

"Imelala?" Uso wake ukafunguka. "Hiyo ni vizuri! Sindano ya maumivu imeshika. Mwambie apumzike na yeye."

Nikageuka kwa Atieno. Nikamwambia kwa lugha yake: "Daktari anasema mguu umelala tu. Utaamka."

"Ameniambia hivyo?"

"Mimi ndiye nakuambia."

Na kwa kuwa Mikayi ndiye aliyesema, akaamini. Akafumba macho, akaendelea kuumwa kimya kimya, kwa adabu.

Unaniuliza nilikuwa nikifikiria nini? Sitakudanganya, maana uongo wangu nimeutumia wote siku ile. Sikutaka afe. Sikutaka hata alemae! Nilitaka tu aumie mpaka asubuhi bila mtu kumkimbilia. Nilitaka, kwa usiku mmoja, kilio chake kisiwe na thamani kubwa kuliko changu. Na nilijiambia kuwa sikusema uongo. Si kuna watu husema mguu umelala wakimaanisha una ganzi? Hiyo ndiyo starehe ya kusomea lugha: unaweza kumwangamiza mtu kwa kisawe.

Jioni nikarudi Migori. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Nilipofika tena asubuhi, vidole vilikuwa na rangi ya bilinganya. Nilivigusa. Vilikuwa baridi. Daktari Chacha alikuwa tayari ameinama na mkasi mkubwa wa plasta, anapasua kutoka juu hadi chini. Plasta ilipoachana, mguu ulifurika nje kama unga wa mandazi uliosahauliwa. Akakishika kidole gumba, akakivuta kuelekea juu taratibu. Mtu mwenye hisia mguuni angepiga ukelele. Atieno alimtazama tu, kana kwamba amemshika mtu mwingine.

"Alianza kutosikia vidole lini?" daktari akauliza.

"Sijui," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Sijui kama alikumbuka neno langu la jana. Sikubaki kumuuliza.

Walimpakia kwenye gari la hospitali akapelekwa Homa Bay, kwa daktari bingwa wa mifupa. Alikuwa mtu wa Mombasa, Daktari Salim, mpole, mwenye Kiswahili cha kunifanya nione aibu ya kulipwa mshahara kwa kukifundisha. Siku ya pili alitukaribisha ofisini akatueleza, mimi na Baba Awuor, aliyekuwa amefika na macho mekundu.

"Mwataka kujua kilichotokea? Tazameni. Nyama za mguu zimevikwa utando, mfano wa foronya iliyoshonwa pande zote. Mfupa ukivunjika, nyama huvimba. Foronya haipanuki. Na juu yake pana plasta, nayo pia haipanuki. Basi nyama hujibana zenyewe, damu ikakosa pa kupita. Kwanza mgonjwa huumwa kupita kiasi, maumivu yasiyolingana na jeraha. Kisha hufa ganzi. Hapo ndipo pa kukimbia! Ukipasua plasta, na ikibidi ukipasua na utando wenyewe, mguu huponea. Lakini ni suala la saa, si siku."

"Na sasa?" Baba Awuor akauliza.

"Jana niliufungua. Nyama iliyo hai ukiigusa kwa koleo huruka. Hii hairuki. Nimeosha, nimeondoa iliyooza, naendelea kungoja. Lakini sitaki kuwapa tumaini ninalolikosa mwenyewe." Kisha akasema, kwa upole ule ule, "Kule alikotoka, nani alikuwa akimfasiria?"

Baba Awuor akanigeukia.

"Kulikuwa na mwanamke mmoja," nikasema.

Mungu wangu! Hata hapo sikusema uongo.

Sasa naomba nionye hapa hapa, kabla sijafika mwisho, maana nikifika huko sitakuwa na pumzi ya kumwonya mtu.

Wewe uliyefungwa plasta, au mwenye mgonjwa aliyefungwa: maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, piga kelele! Usikubali kuambiwa unadeka. Usingoje asubuhi. Heri daktari akucheke kuliko akukate.

Na wewe unayesimama katikati ya mgonjwa na daktari, mkwe, shemeji, jirani, mke mwenza: mdomo wako ni sehemu ya dawa. Kama una kinyongo na mtu, usikubali kuwa ulimi wake. Sema wazi, "Mimi siwezi, tafuteni mwingine." Utaonekana mbaya. Vumilia uonekane hivyo.

Na wewe msomi mwenzangu unayesema huna wivu. Mimi pia sikuwa nao.

Haya. Nimemaliza kuonya.

Nilirudi Migori kufundisha. Baba Awuor akabaki Homa Bay. Kila siku nilisubiri habari njema, na kila siku nikawaambia walimu wenzangu kuwa anaendelea vizuri. Mpaka asubuhi moja nikaitwa tena kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Alikuwa mama wa Kijaluo, mkali, mwanachama wa lile kanisa nilikotoa mawaidha. Alikuwa ameushika mkono wa simu. Akanipa, akabaki ameketi. Hakutoka.

"Mwalimu?" Alikuwa Daktari Salim. "Hali si nzuri. Mguu umeoza, sumu yaingia kwenye damu, homa haishuki. Nisipoukata leo atakufa. Na akataa."

"Amekataa? Kwa nini?"

"Hilo ndilo nililokupigia. Mumewe amembembeleza, mamake amelia, wauguzi wamemweleza kwa Kijaluo chao. Jibu ni moja tu. Asema Mikayi alimwambia mguu umelala na utaamka, na Mikayi ni mtu aliyesoma. Hakubali mpaka asikie kwako. Nimemleta hapa ofisini kwa kiti cha magurudumu. Bibi, mimi kukata najua. Hili ni lako."

Nikasikia kitu kikiburuzwa sakafuni. Kisha pumzi, fupi fupi.

"Mikayi?" Sauti ilikuwa ya mtoto. "Waambie wangoje."

Nilimtazama mwalimu mkuu. Alikuwa ameinamia kalamu yake, anasikia kila kitu. Ningeweza kusema, "Kubali, Atieno, daktari anajua." Ilikuwa sentensi nzuri. Nilianza kuisema.

"Kubali, Atieno. Madaktari wanajua."

"Lakini wewe ulisema utaamka."

"Nilisema."

"Basi wangoje."

Mkono wa simu uliteleza kwa jasho. Nikaushika kwa mikono miwili.

"Atieno, mguu haukulala. Wewe uliniambia umekufa. Mimi nikamwambia daktari umelala. Nilijua tofauti. Nilijua pale pale."

Kalamu ya mwalimu mkuu ikasimama.

Nilisikia kikombe kikigongana na sahani huko Homa Bay.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na msamiati.

"Kwa sababu Baba Awuor alisema atakubeba," nikasema. "Alipiga simu siku ile. Alisema nikuambie usilie, yeye atakubeba mgongoni mpaka Kosele, watu wote waone. Sikukuambia."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, kama mtu aliyekabwa anavyohitaji kupigwa mgongoni.

"Alisema hivyo?" akauliza.

Alikuwa amefurahi. Naapa! Katikati ya homa ile, sauti yake ilichangamka kama ya msichana aliyeitwa kwa jina barabarani. Na mimi, nikiwa nimesimama pale nimejivua nguo mbele ya mwalimu mkuu, nikahisi ule wivu ukinichoma upya, mbichi, kana kwamba sijakiri chochote.

"Alisema hivyo," nikajibu.

"Sawa, nyieka. Nimesikia."

Nyieka. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Ndiyo mke mwenza kwa lugha yetu, na limetoka katika neno lenyewe la wivu. Miaka yote nilikuwa Mikayi kwake.

Hakukata simu. Nilisikia akiuweka mkono wa simu juu ya meza, nikasikia kiti kikigeuzwa, kisha sauti yake kwa mbali, kwa Kiswahili cha soko la Kosele, akizungumza na daktari bingwa kama mtu anayenunua debe la mahindi.

"Daktari, haya. Kata. Lakini punguza kidogo. Goti niachie."

"Goti?" Daktari Salim akauliza. "Chini kidogo ya goti pazuri bado. Goti nakuachia, mwanangu."

"Usiongeze huko ndani nikilala."

"Siongezi."